UZI: "Sisi" ya Zamyatin, riwaya ambayo penzi linaombewa kibali, na mwanamke tunayemsahau kila tunapoisimulia

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule mjadala wa riwaya za distopia, yaani za dunia mbovu ya kubuni, zenye mapenzi na njozi ndani yake, watu walishusha orodha ndefu za vitabu vya juzijuzi, nami nikasema babu wa vyote hivyo ni fundi wa meli mmoja wa Kirusi. Nikaulizwa ni nani, nikaahidi uzi. Leo nimetulia, watoto wamelala, naushusha. Tahadhari: nitasimulia mpaka ukurasa wa mwisho. Asiyetaka kuharibiwa utamu aishie hapa, akasome kwanza, atatukuta.

Anaitwa Yevgeny Zamyatin. Alizaliwa 1884, akasomea uhandisi wa meli, na mwaka 1916 alipelekwa Newcastle, Uingereza, kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu kwa ajili ya Urusi. Akarudi kwao 1917. Ujanani alikuwa Mbolsheviki, serikali ya Tsar ikamfunga. Mwaka 1922 Wabolsheviki hao hao, sasa wakiwa madarakani, wakamfunga, na jela ikawa ile ile. Riwaya aliiandika 1920 hadi 1921. Jina lake kwa Kirusi ni neno moja fupi linalotamkwa karibu na "mi", maana yake Sisi. Nchini kwake ikakataliwa. Ikatoka kwanza kwa Kiingereza, New York, 1924. Kitabu kizima kwa Kirusi kilichapwa 1952, New York tena, mwandishi akiwa ameshafia Paris tangu 1937. Warusi waliruhusiwa kuisoma nchini kwao mwaka 1988. Mtu ameandika kwa lugha ya mama yake, na watu wa kwao wamekuja kukipata waziwazi baada ya miaka zaidi ya 60. Kila nikikifungua, jambo hilo linanikaa kifuani.

Sasa dunia yenyewe. Ni karne nyingi mbele yetu. Kulikuwa na vita vya miaka 200, wakabaki watu wachache mno, nao wakajenga Dola ya Pekee. Mji umezungushiwa Ukuta wa Kijani, ukuta wa kioo, na nje yake kuna msitu ambao hakuna anayeruhusiwa kuukanyaga. Nyumba nazo ni za kioo, kuta, sakafu, dari. Ukiinua macho unaona nyayo za jirani wa juu. Majina hakuna. Kila mmoja ni herufi na tarakimu: wanaume konsonanti na tarakimu isiyogawanyika kwa mbili, wanawake vokali na inayogawanyika. Anayesimulia ni D-503, mtaalamu wa hisabati, mjenzi wa chombo cha angani kiitwacho Integral, ambacho kitapelekwa kwenye sayari nyingine kuwalazimisha walioko huko wawe na furaha. Anaandika shajara ya kuisifu Dola, sehemu 40. Ndiyo kitabu chenyewe.

Kuna Jedwali la Saa. Saa moja asubuhi wote wanaamka kwa dakika moja. Mezani kila tonge lina idadi yake ya kutafunwa, mara 50, wote pamoja. Matembezi ni wanne wanne kwa mstari, kwa wimbo wa Dola. Wamebakiziwa muda wao wenyewe mara mbili tu kwa siku, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, na saa tatu hadi saa nne usiku. D-503 anaona hata hizo ni kasoro, anatumaini siku moja zitaingizwa kwenye Jedwali.

Na mapenzi? Hapa nawaomba mtulie nami kidogo. Sheria inasema kila namba ana haki juu ya namba mwingine yeyote. Unaenda ofisini, wanakupima damu, wanakupangia siku zako, unataja unamtaka nani, unapewa kijitabu cha kuponi za pinki. Siku ikifika, kuponi inakaguliwa kule chini mlangoni, ndipo mnaruhusiwa kushusha pazia. Muda ukiisha, pazia juu.

Mimi pazia hilo ndilo lililonishika kuliko roketi na kuliko ukuta. Katika mji ambao hata chumba cha kulala kinaonekana barabarani, pazia linashuka kwa risiti. Dola haikukataza miili ikutane. Iliona kitu cha kuogopwa ni chaguo, kwamba mtu anaweza kusema huyu, huyu peke yake, hata kama kuna elfu kumi waliofanana naye. Kwa hiyo wakagawa kila mtu kwa kila mtu, wakadhani wivu umekufa na mapenzi yamekufa nao.

D-503 ana mwenzi wake wa kuponi, O-90. Mfupi, mviringo, macho ya buluu, mwepesi wa kutoa machozi. Wanaelewana. Kisha siku moja kwenye matembezi, kwenye mstari wa wanne wanne, D anasikia kicheko upande wa kulia. Anageuka anakuta mwanamke mwembamba, mkakamavu, mwenye meno meupe makali. Ni I-330. Mwanamke huyo anaiangalia mikono ya D. D anaionea haya mikono yake maana ina manyoya mengi kama ya nyani, masalia ya watu wa zamani. Anayemwangalia haoni aibu yoyote, anaiangalia kama mtu aliyeona alama aliyokuwa akiitafuta.

Kuanzia hapo maji yameshamwagika. I-330 anampeleka Nyumba ya Kale, jumba la makumbusho lililoachwa na samani zake, nyumba pekee yenye kuta zisizopenya macho. Anavaa gauni la hariri la manjano. Anavuta sigara, anakunywa kileo, na vyote viwili Dola imevikataza. D alipaswa kwenda kumripoti kwa Walinzi. Hakwenda. Usiku hapati usingizi, na kutolala nako ni kosa. Anakwenda kwa daktari, na daktari anampa habari mbaya kwa sauti ya upole: hali yako si nzuri, inaelekea umeota nafsi.

I-330 ni mmoja wa viongozi wa Mephi, kundi la siri linalotaka kuubomoa Ukuta. Wanakitaka kile chombo cha D. Siku ya uchaguzi, ambapo kila mwaka mtawala, anayeitwa Mfadhili, huchaguliwa tena kwa mikono yote, linaulizwa swali la anayepinga, na maelfu ya mikono inanyanyuka. Wa I-330 pia. Mji unavurugika. Dola inajibu kwa upasuaji. Jaribio la kukiteka chombo linafeli. D mwishowe anakamatwa, anapasuliwa, anakwenda mwenyewe kwa Mfadhili na kuwataja wote. Ukurasa wa mwisho amekaa kwenye chumba cha mateso, pembeni ya Mfadhili, anamtazama I-330 akiwekwa chini ya kengele ya kioo inayofyonzwa hewa. Wanamzimisha, wanamzindua, mara tatu. Hakusema neno.

Hoja yangu ya uzi ni hii, naiweka mezani mniparure. Kila anayesimulia kitabu hiki anasimulia D na I-330, moto na kiberiti. Mwenye penzi lililofika salama ni O-90, na karibu kila anayesimulia humtaja mara moja na kumwacha. Kabla sijaeleza kwa nini, nawapa nafasi.

#2

Mkuu nimeshaweka kambi. Swali la mwanafunzi: distopia nimeiona, mapenzi nimeyaona. Ile njozi mliyokuwa mkiijadili kwenye uzi uliopita iko wapi? Hii naona ni sayansi tu, chombo na hesabu.

#3 – Mwanzisha uzi

Swali zuri, na asante kwa kuuliza, maana niliruka sehemu ambayo ni roho ya kitabu.

Baada ya ile mikono kunyanyuka, gazeti la Dola linatoka na habari kubwa: wananchi, ninyi ni wagonjwa, na ugonjwa wenu unaitwa njozi. Uwezo wa kuwaza kisichokuwepo. Wanasayansi wamekipata kituo chake ndani ya ubongo, ukikichoma kwa miale ya eksirei mara tatu umepona, umekuwa mkamilifu kama mashine. Njooni foleni.

Kwa hiyo njozi humu haijaja kwa majini na panga linalowaka. Njozi ndiyo mshitakiwa. Na Zamyatin alikuwa fundi kwelikweli, anaijua chuma inavyopigwa ribiti, kwa hiyo anapokuonyesha waliokwisha pasuliwa hakupambi: D anawaona wakitoka kwa safu, miguu mizito, anasema hao si watu tena, ni matrekta yenye umbo la watu. Wanauzunguka umati wa ambao hawajapasuliwa, wanausukuma kuelekea mlangoni.

Na ona Mfadhili alichokiunganisha. Mtu akipenda huwa anaona ambacho hakipo mbele yake. Yuko kazini anamuona mwenzake anapanda ngazi. Anasikia hatua za mtu ambaye hajafika. D anakaa na saa mkononi akisubiri I-330 aje, na kila dakika anamtengeneza upya kichwani. Dola ilitambua kwamba kuponi za pinki hazikutosha, kwa sababu penzi halikuwa kitandani kamwe, lilikuwa kwenye hiyo nusu saa ya kusubiri. Ndiyo maana wakafuata ubongo.

#4

Uzi umekaa vizuri ila mimi napinga hapo kwenye moto na kiberiti. I-330 hakumpenda yule bwana hata siku moja. Ungekuwa unaongoza kundi la siri, na kuna mtu mmoja tu mwenye funguo za chombo kikubwa kuliko vyote nchini, ungeanza na nani? Alimfuata kwa kazi. Hata yeye D alilijua, Mfadhili alimwambia hivyo hivyo na yeye akachekacheka kama mwendawazimu. Kwangu hiyo ni riwaya ya mtu aliyetumiwa. Linganisha na Winston na Julia wa riwaya ya 1984 ya Orwell, wale walipendana kwa sababu walipendana, hakuna aliyekuwa na chombo.

#5 – Mwanzisha uzi

Mkuu #4, hoja yako ina uzito na sitaipita kwa juu juu.

Kwanza, ni kweli Mfadhili alimwambia. Lakini tazama ni nani anayesema. Mwenye mashine ya kuyeyusha watu anamwambia mtu aliyevunjika moyo kwamba hukupendwa, walikuhitaji kwa sababu ya cheo chako. Hiyo ni kazi ya mhoji, kila anayehoji watu anajua pa kubonyeza. Mimi neno la mtu huyo silichukui kuwa ushahidi.

Pili, umemtaja Orwell, na wawili hawa wanahusiana. Orwell alikihakiki kitabu hiki gazetini Januari 1946, na 1984 yake ikatoka 1949. Unakutana na vitu vingi vya ukoo mmoja: shajara, mwanamke anayeanza yeye, chumba cha vitu vya kale kama maficho, mtawala asiyepingika. Pale 1984 Julia anampa Winston kikaratasi kimeandikwa kwamba anampenda. Wanapata chumba juu ya duka la vitu vikuukuu. Wanakamatwa. Kwenye chumba 101 wanamsogezea Winston panya usoni, na anapiga kelele wampelekee Julia, si yeye. Julia naye upande wake alimtoa Winston. Wanapokutana bustanini mwezi Machi, kwenye baridi, wanaambiana wazi kwamba kila mmoja alimsaliti mwenzake, na hakuna kinachobaki cha kusema.

Sasa rudi kwa I-330 chini ya kengele. Wengi wa walioletwa pamoja naye walianza kusema mara ya kwanza tu. Yeye mara tatu, kimya. Unasema alikuwa anamtumia D. Kumbuka aliyewataja ni D, na D amekaa pale pale anatazama. Angeweza kumtupia kila kitu mbele ya Mfadhili: huyu alijua, huyu alikuja, huyu alivunja sheria zote za Jedwali. Hakufungua kinywa. Anayekutumia tu akishakwama hukuuza.

Wala sisemi alimpenda kuliko mapambano. Alimwambia waziwazi, kwa lugha ya hisabati ili aelewe: hebu nitajie namba ya mwisho. D akasema haipo, namba hazina mwisho. Basi na mapinduzi ya mwisho hayapo. Mwanamke anayeamini hivyo hawezi kukuahidi nyumba na amani, na hakumwahidi.

#6

Hodi jukwaani. Mimi ni muuguzi, niko kliniki ya mama na mtoto, huwa nasoma tu nyuzi zenu bila kuchangia. Leo kwa ajili ya O-90 nitachangia.

Kitabu hiki nilikisoma kwa Kiingereza, nimekopeshwa na rafiki. Mwanzisha uzi hujasema kwa nini O-90 hana mtoto. Dola ina Kipimo cha Mama. Ukiwa chini ya kimo hicho huruhusiwi kuzaa. O-90 amepungua sentimeta kama 10. Basi. Hana ugonjwa, hana kosa, amepungua sentimeta 10. Akizaa bila ruhusa adhabu yake ni Mashine ya Mfadhili.

Na D-503 anaeleza mkono wake: pale kwenye kifundo ana kikunjo, kile kikunjo cha mtoto mchanga kana kwamba umemfunga uzi. Mimi vikunjo hivyo naviona kutwa. Mtoto akiwa amenyonya vizuri, miezi mitatu, minne, kinakuwa cha kuzama, mama anapokwambia amekiosha unakuta bado kuna maziwa yameganda ndani. Zamyatin, mwanaume, mhandisi, aliona kitu hicho akakiweka kwenye mkono wa mwanamke aliyekataziwa kuzaa. Niliposoma nilikiweka kitabu chini.

Halafu O-90 anamfuata D, akijua fika D yuko na mwingine, anamwomba mtoto. D anamuuliza kama anaitaka Mashine. Naye anasema hata iwe ni siku chache, amsikie tumboni, halafu amuone mara moja tu, akione kile kikunjo kidogo hapa. Anakitaja yeye mwenyewe! Hakuomba mapinduzi. Hakuomba hata D amrudie.

Nakuunga mkono mwanzisha uzi, penzi ni lile.

#7 – Mwanzisha uzi

Dada, Mungu akubariki kwa mchango huo. Kikunjo nilikisoma mara tatu sikujua nakisoma nini, mpaka umenieleza.

Nimalizie habari yake kwa wasiosoma. O-90 anashika mimba. Tumbo linakua katika mji wa kioo ambapo hakuna pa kulificha. D, ambaye wakati huo kichwa chake chote kiko kwa I-330, anampa njia: nenda kwa I-330, atakuvusha Ukuta. O-90 anakataa. Kwa yule? Hapana, bora nife. Huo ni wivu, na kumbukeni Dola ilitangaza imeshaumaliza karne nyingi nyuma. Baadaye siku zimembana, mtoto anacheza tumboni, anameza wivu wake, anakwenda. Na I-330 anamvusha bila maneno.

Hao ndio wanawake wawili wa kitabu hiki. Mmoja amembebea mtu mimba, mwingine ndiye aliyemnyang'anya mtu huyo, na kati yao hakukuwa na ugomvi hata wa sentensi moja. Mkuu #4, na hili nalo liweke kwenye mizani yako kuhusu I-330. Mtoto wa D hakuwa na faida yoyote kwa Integral.

Siku D anapasuliwa, nje ya Ukuta kuna mtoto anakuja, kwenye majani, kati ya watu wenye manyoya kama yale ya mikono ya baba yake. D hata hakumbuki.

#8

Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko Kilifi. Nimesoma uzi wote huu na kuna jina moja linaniwasha tangu mwanzo, wala hamjalitaja: Katama Mkangi.

Mnasema babu ni Mrusi, sawa. Lakini kwa Kiswahili sisi tunayo Walenisi, ilitoka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, na kifo chenyewe ni kurushwa angani ndani ya chombo. Anaponea, anafika nchi ya Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa, na huko anakutana na Mtu-Binti. Chombo cha angani kipo, dola mbovu ipo, penzi lipo, tena hapa vyote vimeandikwa na mwana wa Pwani. Riwaya yake ya 1975, Ukiwa, ilikuwa ya mapenzi pia, huyu bwana mapenzi aliyajua. Na kama Mrusi wenu, naye alionja: mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashitaka wakati wa serikali ya Moi. Aliyeandika habari za mtu kuhukumiwa na dola hakuwa anakisia.

Sasa sikilizeni majina. Yule anaita Sisi. Huyu anaita Wale-ni-sisi. Nimekaa nalo hili tangu asubuhi.

#9 – Mwanzisha uzi

Ndugu wa Kilifi, umenipiga pigo zuri. Walenisi niliisoma zamani, kitabu cha maktaba kilichokuwa kimechanika jalada, na sikuwahi kuviweka viwili hivi upande kwa upande.

Kwa Zamyatin neno "sisi" linameza. D anaandika kwa fahari kwamba anachowaza yeye ndicho tunachowaza "sisi", kwamba mtu mmoja mbele ya Dola ni sawa na gramu mbele ya tani. Kwa Mkangi neno lile lile linafungua mlango, wale waliokuwa nje wanaingia. Halafu zingatia mahali pa kutokea: D anajenga chombo ili kiende kuwatawala walio mbali, Dzombo anatupwa ndani ya chombo afe, na ndicho kinachomfikisha kwa watu. Nitairudia yote kabla sijasema zaidi. Aliyenayo nakala nzima ya kuazima, nipo.

Nikiwa hapo hapo kwenye lugha, niseme jambo ambalo limenisumbua miezi. Nimekuwa najaribu kukitafsiri kitabu hiki kidogo kidogo kwenye daftari, kwa ajili ya binti ya dada yangu anayesoma kidato cha tano. Na nimekwama kwenye ngeli.

Mtu ni A-WA. Namba ni I-ZI. Dola hii haisemi "mtu", inasema "namba". Sasa O-90 akija kwa D, niandike "anakuja" au "inakuja"? Mrusi hana shida hiyo, kwake namba ina jinsia ya kiume na maisha yanaendelea. Kiswahili kinakudai uamue kila baada ya maneno matatu kama unayemzungumzia ni kiumbe au ni kitu. Nilijaribu ukurasa mmoja kwa I-ZI: "Namba zilitembea nne nne. Namba moja ilicheka." Nilisikia baridi. Hapo juu kwenye post yangu ya kwanza niliandika "kila namba ana haki", mtaona nilishindwa kuandika "ina".

Na "yeye" yetu haitofautishi mwanamke na mwanaume. Kwa Kirusi na Kiingereza msomaji anajua papo hapo. Kwetu ni ile vokali na konsonanti peke yake ndiyo inamwambia. Niliona mwanzo ni udhaifu, ila nilipomsomea binti sehemu ya pili kwa sauti, alijishika kwenye herufi, akawa anauliza, "I ni mwanamke, si ndiyo? Vokali?" Akawa anaishi kwa sheria za Dola bila kujua.

#10

Mimi #4 nimerudi. Kuhusu I-330 nimelegea nusu, lile la kumvusha O-90 sikuwa nimelipima. Kwa tafsiri naomba kutoa ushauri kama mtu niliyefundisha Kiswahili miaka mingi: tumia A-WA mwanzo mpaka D anapasuliwa. Baada ya upasuaji, sehemu ya 40, geuza yote iwe I-ZI. Msomaji asielezwe kitu. Atahisi mwenyewe kwamba kuna kitu kimekatwa kichwani mwa msimulizi.

#11

Naunga mkono #10. Hapo kwa kweli utatuua.

#12

Mwalimu ushauri wako ni wa kitaalamu lakini mimi muuguzi nasema hapana. Mgonjwa hata akipoteza fahamu sisemi "kinapumua". Nasema anapumua.

#13 – Mwanzisha uzi

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikwenda kuufanyia kazi ushauri wa mwalimu. Nimekaa na sehemu ya 40 jioni mbili, nimeiandika yote kwa I-ZI. Kisha nikaona niilinganishe na nakala niliyonayo mstari kwa mstari.

Mwalimu, haikubali. Na asiyekubali ni Zamyatin mwenyewe.

D ameshachomwa. Anaandika kwa utulivu, hati ni ile ile yake, anasema hana homa wala njozi, anashangaa kama kweli yeye ndiye aliyejaza kurasa zile zilizopita. I-330 anapoingizwa, D hamtambui kwa jina. Hatumii hata tarakimu zake. Nilitegemea hapo nikute "namba". Anaandika kwamba walimleta yule mwanamke. Mwanamke. Neno la zamani, neno la kabla ya Ukuta, limebaki mkononi mwake baada ya miale mitatu ya eksirei.

Kisha anaeleza kengele, hewa inavyotolewa, uso wake ulivyokuwa mweupe, macho makubwa. Anasema alikuwa amekamata mikono ya kiti kwa nguvu akimtazama yeye D mpaka macho yalipofumba. Haelewi anatazamwa kwa nini. Na kabla ya hapo kidogo, katikati ya ripoti hiyo kavu, kuna mstari ambao nilikuwa nimeupita mara zote nilizosoma. Anasema aligundua mwanamke huyo ana meno makali, meupe sana, na kwamba ni mazuri.

Ni meno yale yale ya siku ya matembezi. Hakumbuki kama aliwahi kuyaona.

Daftari nimelifuta kwa raba kurasa tano. Nimeandika "alimtazama", nimeandika "meno yake", ngeli ya mtu mpaka nukta ya mwisho. Jumamosi namsomea binti.